Unyevu Unaoshika Udongo: Kwa Nini Shimo Husimama Kiangazi na Kuanguka Masika

Wakati huu wa jua kali, kabla mvua za masika hazijafika, ndio wakati ambao watu wengi katika skimu zetu za pwani huchimba. Wengine huchimba visima, wengine vyoo, wengine huchimbua udongo wa kukandikia nyumba, na wengine hutengeneza silanga la kuwekea maji ya ng'ombe. Ukitembea kutoka Mtwapa mpaka Gede, kisha ukavuka Sabaki na kuingia Mambrui, Gongoni na Marafa, utaona mashimo yaliyosimama wima kama kuta za nyumba, bila mti wala jiwe la kuyazuia. Mchimbaji hutazama ule ukuta wa udongo, akaupiga kwa ubapa wa jembe, akaona ni mgumu, akasema, "Huu hauanguki." Siku ile asema kweli. Lakini mwezi wa tano, mvua ikisha kunyesha siku tatu mfululizo, ukuta ule ule huweza kumwaga udongo wote chini mara moja, na kama kuna mtu ndani, hana nafasi ya kupanda.

Yafaa ujue sababu yake, maana ukiijua utaweza kutambua mwenyewe ni udongo gani wa kuaminiwa, na ni wakati gani wa kuuaminiwa huo umekwisha. Jambo hili si la mashimo tu. Ndilo pia linaloangusha viambaza vya nyumba, linalopasua sakafu, linalotoboa tuta la silanga, na linalokata shamba lako kando ya mto.

Anza kwa kujaribu hivi. Chukua mchanga mkavu, ujaze kopo, kisha ulipindue chini. Mchanga hutawanyika. Sasa utie maji kidogo mchanga ule ule, uuchanganye mpaka uwe na unyevu tu, usitiririke. Jaza kopo, ushindilie kwa kidole, upindue. Mchanga husimama na sura ya kopo, hata waweza kuweka jiwe dogo juu yake. Kisha mimina maji juu yake polepole. Utaona husimama kwa muda, halafu huanguka ghafla ukawa kama uji. Watoto wote wa Malindi wanaocheza ufukoni wanajua hayo. Mchanga ni ule ule na chembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kiasi cha maji tu.

Katika udongo mkavu kabisa, nafasi zilizo kati ya chembe zimejaa hewa. Katika udongo uliolowa kabisa, kama ule ulio chini ya maji ya kisima, nafasi zote zimejaa maji. Lakini udongo wa mashamba yetu, sehemu kubwa ya mwaka, hauko huku wala huku. Una chembe, una maji kidogo, na una hewa. Maji yale machache hayakai katikati ya nafasi. Hukimbilia pembeni, pale chembe mbili zinapogusana, yakafanya kitone kidogo sana.

Nawe wajua ya kuwa uso wa maji una kitu kama ngozi. Umewaona wale wadudu wenye miguu mirefu watembeao juu ya maji ya dimbwi bila kuzama. Ngozi hiyo ndiyo inayowabeba. Basi kila kitone kilicho kati ya chembe mbili kina ngozi yake, nayo hujivuta na kuzivuta zile chembe zikaribiane. Weka vipande viwili vya kioo pamoja vikiwa vikavu, vitaachana bila shida. Vitie tone la maji katikati, halafu ujaribu kuviachanisha. Nguvu utakayoiona hapo ndiyo nguvu inayoshika ukuta wa shimo lako. Sisi tutaiita mvuto wa unyevu.

Nguvu hii huwa kubwa kadiri nafasi zilivyo ndogo. Katika mrija wenye upana wa milimita 1, maji hujipandisha yenyewe sentimita 3 tu. Ukiwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita, hupanda sentimita 30, na ukiwa mwembamba mara kumi zaidi ya huo, mita 3. Nafasi za mchanga mnene ni pana, kwa hiyo mvuto wake ni mdogo, nao hupotea upesi ukikauka na upesi ukilowa. Nafasi za mfinyanzi ni nyembamba mno hata jicho haziyaoni, kwa hiyo mfinyanzi ukikauka hujivuta wenyewe kwa nguvu nyingi mpaka ukawa kama jiwe, ukapasuka nyufa ambazo ndama aweza kuvunjika mguu ndani yake.

Hapa petu tuna udongo wa namna mbalimbali. Ule mwekundu wa mgongo wa Magarini, ambao wataalamu wa miamba wameuita Mchanga wa Magarini, ni mchanga mwingi uliopakwa mfinyanzi kidogo wenye rangi ya kutu. Skimu ya Magarini, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia, ina mashamba mengi juu ya udongo wa namna hiyo. Mfinyanzi ule mchache hufanya kazi kama gundi kati ya chembe za mchanga, na kiangazi gundi hiyo huwa ngumu sana. Maji yakiingia, gundi hulegea. Chembe ambazo zilikuwa zimepangana ovyo ovyo zikiacha nafasi pana huteleza na kujazana, na ardhi hushuka. Haishuki kwa sababu umeongeza mzigo juu yake. Mzigo ni ule ule wa jana. Imeshuka kwa sababu imelowa.

Kwenye mabonde, na penye udongo mweusi wa mfinyanzi, mambo ni kinyume. Huo ukilowa huvimba ukainua sakafu, na ukikauka hunywea. Mafundi wa barabara huuchukia sana udongo huo, na mara nyingi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka kifusi. Mkulima hawezi kutupa shamba lake, lakini aweza kuchagua mahali pa kuweka nyumba.

Ukitaka kuona kazi ya maji na udongo kwa macho, nenda Marafa, mahali Wagiriama waitapo Nyari, yaani palipojivunja penyewe. Wazee husimulia ya kuwa palikuwa na mji wa matajiri waliooga maziwa ya ng'ombe wao hata Mungu akawadidimiza. Watalii huja kupiga picha za rangi zake jioni. Wewe mkulima tazama jambo jingine: jinsi ukuta ule wa mchanga ulivyosimama wima, na jinsi chini yake palivyojaa udongo ulioanguka. Kila masika hula kipande kingine cha ukingo. Korongo lolote linaloanza katika shamba lako kutokana na njia ya ng'ombe huenda kwa kanuni hiyo hiyo, ila ni dogo bado.

Yaweza kukushangaza ya kuwa wataalamu walichelewa kulishughulikia jambo hili. Elimu ya udongo kwa ajili ya ujenzi ilikuzwa kwanza katika nchi za baridi, ambako maji ya chini yako karibu na uso wa ardhi na udongo mara nyingi umelowa mwaka mzima. Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883, alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1925, akaonyesha ya kuwa nguvu ya udongo uliolowa hutokana na jinsi chembe zinavyobanana, baada ya kutoa msukumo wa maji yaliyomo. Kanuni hiyo ilitosha kule. Haikutosha katika nchi kama zetu, ambako maji ya kisima yaweza kuwa chini sana na udongo wa juu una hewa ndani yake. Mwaka 1959 Alan Bishop wa London alijaribu kuipanua kanuni hiyo ikubali hewa na mvuto wa unyevu. Mwaka 1962 Jennings wa Afrika Kusini pamoja na Burland walionyesha ya kuwa haikueleza kwa nini udongo mkavu ukilowa hushuka, jambo ambalo wajenzi wa nchi kavu walikuwa wakiliona kila mwaka. Kazi iliendelea, hata mwaka 1993 Fredlund wa Kanada, pamoja na Rahardjo, wakatoa kitabu kizima juu ya udongo usiojaa maji. Basi ukisikia fundi wa kisima asiyejua kusoma akisema, "Udongo huu washikwa na umande," usimcheke.

Sasa tuje kwenye mashimo, maana hapo ndipo watu hufa.

Ukichimba kisima wakati wa kiangazi, utapita katika sehemu tatu. Juu kabisa, pale jua linapofika, mchanga umekauka na chembe humwagika kidogo kidogo. Chini yake kuna udongo wenye unyevu, nao ndio unaosimama vizuri na kumdanganya mchimbaji. Kisha wakaribia maji. Mara tu unapofika palipojaa maji, mvuto wa unyevu haupo tena, kwa kuwa hakuna hewa wala ngozi ya maji. Mchanga wa hapo hutiririka kuingia kisimani pamoja na maji. Wachimbaji huutoa kwa ndoo, nao huja mwingine, wakautoa tena. Mchanga ule watoka wapi? Watoka chini ya ukuta. Kwa hiyo wale walio ndani wanakata miguu ya ukuta uliosimama juu ya vichwa vyao, nao wanafurahi kwa kuwa maji yameonekana.

Ukiona mchanga waingia kisimani upesi kuliko unavyotolewa, toeni mtu nje. Usimrudishe mpaka umepata pete za saruji. Pete hizo hushushwa moja juu ya nyingine, na mchimbaji huchimba akiwa ndani ya pete, nayo hushuka kwa uzito wake kadiri anavyoondoa udongo chini yake. Zina gharama, ni kweli. Majirani wawili au watatu wakichangia kisima kimoja chenye pete, ni afadhali kuliko kila mmoja kuwa na chake kisicho na kitu.

Udongo unaotolewa usirundikwe ukingoni. Wengi hufanya hivyo kwa kuona uvivu wa kusukuma mkokoteni. Rundo lile ni mzigo juu ya ukuta, na mvua ikinyesha huwa zito zaidi wakati ule ule ambao ukuta unapoteza nguvu. Lipeleke mbali, hatua kadhaa kutoka ukingo, na kama shimo ni refu lipeleke mbali zaidi. Kila asubuhi kabla ya mtu kushuka, zunguka ukingo ukitazama chini. Ukiona ufa mwembamba unaofuata mviringo wa shimo, hata kama ni wa kuingiza ukucha tu, ujue kipande kile kimekwisha kuachana na ardhi. Na mtu asishuke peke yake bila mwenzake juu na kamba kiunoni.

Shimo la choo nalo, lifanye la mviringo. Shimo la mviringo hujibana lenyewe pande zote, lakini la pembe nne huanza kumomonyoka katikati ya kuta zake. Sehemu ya juu, mita moja au zaidi, ijengewe mawe au matofali, kwa sababu hapo ndipo maji ya mvua na maji ya kuoshea huingia kwanza. Katika mchanga mlegevu jengea mpaka chini. Shimo lililokaa wazi tangu Januari bila kujengewa, likanyeshewa mwezi wa nne, usimtume kijana alisafishe. Lifukie, uchimbe jingine.

Upande wa nyumba, nataka kusema kwanza juu ya desturi moja ambayo ni mbaya kuliko zote. Watu hupata udongo wa kukandikia kwa kuchimba kando ya nyumba yenyewe, hatua mbili tatu kutoka kiambaza. Nyumba ikiisha, shimo hubaki. Masika yakija, shimo hujaa maji ya paa na ya uwanja, nayo huketi hapo siku nyingi yakinyonywa na udongo kwenda chini ya nyumba. Udongo mwekundu ukilowa hivyo hushuka upande mmoja, nguzo zikainama, na mwenye nyumba husema fundi alimwibia. Chimbua udongo wako mbali na nyumba, upande wa mteremko. Kama shimo lipo tayari, lifukie kabla ya mvua na ushindilie.

Kiambaza chenyewe husimama kwa mvuto ule ule. Udongo uliokandikwa ukikauka hujibana juu ya fito ukawa mgumu, na utakaa miaka mingi ukiwa mkavu. Adui yake ni maji yanayoruka kutoka chini pale matone ya paa yanapoanguka, maana hulowesha mguu wa ukuta, na ukuta huanguka kuanzia chini. Kwa hiyo upenu uwe mpana, futi 3 zikiwezekana. Msingi uwe wa mawe, uinuliwe juu ya uwanja, na pawe na mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali. Bafu na mahali pa kuoshea vyombo pasiwe chini ya dirisha. Na ukiweka tangi la mabati kukinga maji ya paa, angalia maji yanayofurika yaenda wapi. Tumeona tangi zuri likiharibu nyumba nzuri.

Juu ya udongo mweusi, usishangae mlango ukikataa kufunga baada ya masika na ukafunga tena Februari. Nyumba yapanda na kushuka. Huko nyumba ya fito na udongo hustahimili kuliko ya matofali, kwa kuwa yaweza kupinda bila kupasuka. Usipande mti mkubwa karibu na ukuta, maana mizizi hunywa maji upande ule na udongo ukanywea hapo tu.

Kwa silanga, jambo kubwa ni unyevu wa udongo siku ya kushindilia tuta. Mwaka 1933 mhandisi R. R. Proctor wa Los Angeles, aliyejenga mabwawa, alionyesha ya kuwa kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho hushindilika vizuri kuliko vyote. Hauhitaji mashine kukijua. Finyanga donge mkononi, uliachie lianguke kutoka kiunoni kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika kama unga, udongo ni mkavu mno. Likibandika kama samli, umelowa mno. Likivunjika vipande vichache, ndio wenyewe. Weka tabaka la inchi 6, lishindiliwe kwa ng'ombe au trekta, kisha jingine. Tuta lililojengwa kwa udongo mkavu huonekana zuri mpaka siku maji yanapoingia mara ya kwanza. Hapo madonge yaliyoshikwa na ukavu hulegea, hushuka, na maji hupata njia katikati. Tundu la asubuhi lenye upana wa kidole huwa mlango ifikapo jioni.

Juu ya mazao nitasema kidogo tu. Mzizi nao hushindana na mvuto wa unyevu. Wataalamu huhesabu ya kuwa mimea mingi ya shamba hushindwa kabisa mvuto ukifikia kilopaskali 1,500, sawa na kuvuta maji kutoka kina cha mita 150. Mfinyanzi huweza kufika hapo ukiwa bado na maji mengi ndani yake. Ndiyo sababu manyunyu kidogo huamsha mahindi ya mchangani wakati yale ya mfinyanzi bado yamenyauka, ingawa baadaye, jua likiendelea, yale ya mchangani hufa kwanza.

Mwisho ni ninyi mlio kando ya Sabaki, kuanzia Garashi na Baricho mpaka karibu na mdomo wa mto. Mto wetu huanza kwa jina la Athi, hukutana na Tsavo ukaitwa Galana, na huku mwisho ndio Sabaki. Mvua ya bara huufurisha hata kama kwetu hakujanyesha. Mwezi wa Aprili 2018 ulivunja kingo na maelfu ya watu wakahama, na mwaka 2023 katika mvua za vuli ulifurika tena. Watu huogopa maji yanapopanda, nao wana haki. Lakini ukingo mara nyingi huanguka maji yanaposhuka. Wakati wa mafuriko udongo wa ukingo hunywa maji mpaka ukajaa, ukawa mzito na kupoteza mvuto wake wote. Lakini bado mto wenyewe unausukuma kutoka mbele kama mtu aegemezaye bega ukutani. Mto ukishuka kwa siku mbili, bega limeondoka, na maji yaliyo ndani ya ukingo bado hayajapata kutoka. Basi kipande kizima, na migomba yake, huteleza mtoni.

Viboko na mamba mnawajua na mnawakwepa. Ukingo hauna macho wala meno, na kwa hiyo watu hurudisha pampu na mbuzi siku ile ile maji yanapopungua. Ngojeni mpaka ukingo umekauka. Wanaochimba mchanga wa kuuza wasiingie chini ya ukingo unaoning'inia, hata kiangazi. Vichaka na matete ya kando ya mto yaachwe, maana mizizi hushika udongo na pia huunywesha na kuukausha baada ya mafuriko. Na mwenye pampu apigilie mambo mbili za mti, moja kila upande wa ufa anaoushuku, apime nafasi kati yake kwa kijiti kila asubuhi. Nafasi ikiongezeka, pampu ihamishwe siku ile ile, kabla ya kumwagilia.